Mjumbe mpya wa bodi ya shule: karatasi ya kutia sahihi, mipaka ya kazi na mafunzo

Swali: Mimi ni mzazi kutoka kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu. Muhula uliopita wazazi walinichagua niwawakilishe kwenye bodi ya shule yetu ya msingi ya umma. Semina sijawahi kuingia hata moja. Juzi mwalimu mkuu alimtuma kijana nyumbani na karatasi za ununuzi wa bati nitie sahihi, kwa kuwa mwenyekiti keshatia. Nilimwambia asubiri. Kazi yangu hasa ni ipi, na mafunzo yake hupatikana wapi?

Jibu: Umefanya vyema kumsubirisha, bibi, na wala hukumkosea adabu mwalimu. Mjumbe wa bodi hana mamlaka yoyote akiwa kwake nyumbani. Mamlaka ni ya bodi nzima, nayo bodi huwa bodi pale tu inapokaa kikao kilichoitishwa, kikatimia akidi na kikaandikwa. Mwenyekiti peke yake si bodi, hata akiwa ndiye mtoaji wa ardhi ya shule. Kwetu Lamu mambo mengi hupikwa barazani baada ya alasiri, wanaume wakiwa na kahawa, na yakifika kikaoni yameshaiva. Kushauriana huko hakuna ubaya, lakini uamuzi wa barazani si uamuzi wa bodi mpaka uingie kwenye kumbukumbu za kikao. Wewe kama mama ambaye huenda hukuwapo barazani, kikao ndicho ngao yako.

Tuanze na hizo karatasi za bati, maana zimo mkononi mwako.

Kabla ya sahihi, uliza ni karatasi gani hasa. Ununuzi wa shule ya umma unaongozwa na sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, na kila hatua ina watu wake. Kwanza pawe na kumbukumbu za bodi zinazosema paa la darasa fulani litengenezwe, na kifungu cha bajeti chenye fedha hizo. Bila fedha kwenye bajeti ununuzi hauruhusiwi hata kuanza. Kisha huombwa bei kwa maandishi kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu. Bei hizo hulinganishwa na kamati ya tathmini ya watu watatu hadi watano, inayoteuliwa na afisa mwenye dhamana ya fedha, ambaye kwa shule ni mwalimu mkuu. Baada ya hapo hutoka oda, mzigo hufika, na kamati nyingine hukagua na kuupokea. Malipo huja mwisho.

Ikiwa karatasi ni ya tathmini nawe hukuteuliwa kwa maandishi kwenye kamati hiyo, sahihi yako haina kazi pale ila kumpa mtu kivuli. Ikiwa ni ya kupokea mzigo, usitie sahihi mpaka umeyahesabu mabati kwa macho yako. Na ukiyahesabu, tazama geji, kwani hapa ndipo shule nyingi huliwa. Namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba zaidi: geji 28 ni takriban milimita 0.4, geji 30 ni kama 0.3, na geji 32 ni jembamba kuliko hayo. Oda husema 28, mashua hushusha 32, na kwa mbali yote hung'aa sawa. Kwa upepo wa chumvi wa visiwani, bati jembamba huanza kuoza kwenye matundu ya misumari mapema mno. Soma namba iliyopigwa chapa kwenye bati lenyewe, si ile ya kwenye risiti.

Jambo la pili ni mahali bei inapoishia. Muuzaji mmoja hukupa bei ya mzigo ukiwa Mokowe, gatini upande wa bara, mwingine akakupa bei ya mpaka mlangoni mwa shule, boti na punda ndani yake. Ukizipanga bei mbili hizo kwenye jedwali moja, wa Mokowe ataonekana rahisi, kisha shule italipa nauli ya boti kwa fedha zisizo kwenye bajeti. Barua ya kuomba bei iseme wazi: mzigo ushushwe shuleni, na atakayebeba hasara ya kuvunjika au kulowa njiani ni muuzaji. Angalia pia kama kazi imekatwa vipande vipande, bati wiki hii, misumari wiki ijayo, mbao baadaye, ili kila kipande kionekane kidogo kisihitaji kushindanishwa. Kugawa ununuzi kwa nia hiyo kumekatazwa na sheria.

Sasa kazi yenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi, namba 14 ya 2013, ndiyo iliyoondoa zile kamati za zamani za shule za msingi na kuweka bodi ya usimamizi kama ya sekondari. Wajumbe ni sita waliochaguliwa na wazazi, mmoja aliyependekezwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mwalimu mmoja aliyechaguliwa na wenzake, watatu wa mfadhili wa shule, mmoja wa makundi maalumu katika jamii na mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu. Hao ni 13. Mwakilishi wa baraza la wanafunzi huingia kwa wadhifa wake, na bodi yaweza kuongeza watu wasiozidi watatu. Muda ni miaka mitatu, na mtu aweza kurudi kwa kipindi kimoja zaidi. Kura ya wazazi peke yake haitoshi: uteuzi hufanywa na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Kama barua yako ya uteuzi haijafika, iulizie kwanza, kwa sababu maamuzi ya watu wasioteuliwa huweza kupingwa na yeyote aliyekasirishwa nayo.

Usichanganye bodi na Chama cha Wazazi. Chama ni cha kila mzazi mwenye mtoto pale, kina kamati yake yenye wawakilishi wa madarasa, na mwenyekiti wake pamoja na wajumbe wawili ndio huongezwa kwenye bodi. Chama hujadili na kupendekeza michango, bodi husimamia rasilimali. Shule ambayo watu wale wale wanakaa mezani asubuhi kama chama na jioni kama bodi, haina tena wa kumuuliza mwenziwe swali.

Mpaka mwingine ni baina ya bodi na mwalimu mkuu. Yeye ndiye katibu wa bodi na ndiye anayeendesha shule siku hadi siku. Ratiba ya masomo, nani afundishe darasa la tatu, mwalimu gani achukue zamu, hayo si ya mjumbe kuingia nayo darasani. Walimu ni wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kwa mujibu wa kifungu cha 237 cha Katiba: yenyewe huwaajiri, huwahamisha na huwaadhibu. Bodi hushauri Bodi ya Elimu ya Kaunti kuhusu upungufu wa walimu, na yaweza kuajiri mwalimu wa muda kwa fedha za shule, ila naye lazima awe amesajiliwa na TSC. Kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi, hata awe mwanao, hafai kushika chaki kwa mshahara wa bodi.

Walio wa bodi moja kwa moja ni wafanyakazi wasio walimu: mpishi, mlinzi, karani. Hapa bodi ndiyo mwajiri kisheria, na hapa ndipo bodi nyingi hujikuta mahakamani bila kujua zimefikaje. Mzee analinda shule miaka minane kwa maneno ya mdomo, analipwa mkononi, kisha bodi mpya inamwambia kesho usije. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, notisi, na mtu asikilizwe kabla ya kufukuzwa kwa kosa. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima hahesabiwi tena kuwa kibarua. Makato nayo yaende yanakohusika kila mwezi: NSSF ambao ni mfuko wa hifadhi ya jamii, bima ya afya ya jamii ambayo ni asilimia 2.75 ya mshahara, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 nyingine kwa mwajiri. Siku ya mwisho ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Uliza tu: stakabadhi za mwezi uliopita ziko wapi?

Kuhusu fedha za serikali, fanya hesabu mwenyewe hata kama hukusoma uhasibu. Kiwango kilichotangazwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, na hutolewa kwa mgao wa asilimia 50, 30 na 20 katika mihula mitatu. Shule ya watoto 240 ingetarajia shilingi 340,800: yaani 170,400 muhula wa kwanza, 102,240 wa pili na 68,160 wa tatu. (Sekondari ya chini, iliyoanza kwenye viwanja vya shule za msingi 2023, ina kiwango chake cha shilingi 15,042 na akaunti zake, na fedha hizo hazichanganywi na za msingi.) Fedha hizi huchelewa na mara nyingi hufika pungufu, kwa hiyo bajeti iliyobana mpaka shilingi ya mwisho itavunjika muhula wa pili. Ila ukishaijua namba yako ya matarajio, utajua pengo ni la Nairobi au ni la hapa hapa. Hakikisha pia idadi ya watoto iliyopelekwa ndiyo iliyopo darasani. Wanafunzi hewa ni jinai. Na kinyume chake kipo pia kwetu: watoto wasio na cheti cha kuzaliwa waliokwama kwenye mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, wakala uji na wenzao lakini hawakuhesabiwa kwenye mgao. Bodi yenye akili huwa na orodha ya watoto hao na hufuatilia vyeti vyao moja moja.

Kila kikao kinachogusa fedha, taka karatasi tatu mezani: taarifa ya benki ya kila akaunti, daftari la fedha, na ulinganisho wa hizo mbili. Salio la daftari na la benki likipishana, sababu iandikwe: hundi namba fulani haijaenda benki, au ada ya benki haijaingizwa daftarini. Jibu la "tutaweka sawa" si sababu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika shule hupotea huku wote mkiwa mmeketi pale pale. Fedha yoyote iliyopokewa iwe na risiti rasmi. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza kukusanya michango bila risiti. Kifungu hicho hicho kinataka michango iwe na kibali cha Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na kinasema mtoto asizuiwe kusoma kwa kushindwa kulipa. Bodi ikikubaliana kuwarudisha nyumbani watoto wasiotoa fedha ya mtihani, imekubaliana kuvunja sheria, na jina lako litakuwa kwenye orodha ya waliohudhuria. Ukiwa hukubali, omba iandikwe kuwa mjumbe fulani alipinga. Hiyo ni haki yako.

Mambo ya watoto nitayasema kwa ufupi kwa sababu hayana mjadala mrefu. Kiboko kimepigwa marufuku na kifungu cha 36 cha sheria hiyo hiyo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote. Kumfukuza mwanafunzi shule moja kwa moja si hiari ya mwalimu mkuu wala ya mwenyekiti: mtoto husikilizwa mbele ya mzazi wake, na ripoti huenda ngazi ya kaunti. Msichana aliyepata mimba anaruhusiwa kurudi kwa mwongozo wa 2020. Na tuhuma ya mtu mzima kumdhulumu mtoto kimapenzi haipatanishwi kwa wazee, haifungwi kwa fidia, wala haisubiri kikao. Waraka wa TSC wa 2010 unataka iripotiwe ndani ya saa 24. Polisi wapo, na namba 116 hupigwa bure. Mjumbe anayesema "tulimalize nyumbani" asipewe nafasi ya kumaliza sentensi.

Majengo, kwa Pate na Lamu, yanataka jicho la pwani. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unasema milango ifunguke kwenda nje, madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia kutoka, na choo cha shimo kiwe umbali usiopungua mita 15 kutoka kisimani. Visiwani tunakunywa maji yaliyo karibu sana na uso wa mchanga, basi kwangu mita 15 ni za chini kabisa. Mkipata nafasi ya kusogea mbali zaidi, sogeeni. Fundi akichota mchanga wa ufukweni kuchanganya zege, msimamisheni. Chumvi ile hula nondo kwa ndani, nondo hufura, na boriti ya zege hupasuka na kuanguka vipande ndani ya darasa. Mchanga usio na chumvi ni ghali kwa sababu huja kwa boti, na ndiyo maana fundi hujaribu. Ikiwa shule imo ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ambao ni urithi wa dunia tangu 2001, ongeeni na Makumbusho ya Taifa kabla ya kubomoa hata ukuta mmoja. Fedha ya mradi yaweza kukwama kwa kukosa kibali kama hicho.

Kazi zote hizi hazifanywi na wote kwa pamoja. Sheria ya Elimu ya Msingi inataka kamati tano za bodi: ya fedha, ununuzi na shughuli za jumla, ya taaluma, ubora na mazingira, ya nidhamu, maadili na uadilifu, ya ukaguzi, na ya haki za binadamu na maslahi ya wanafunzi. Kosa la kawaida ni kumweka mtu mmoja kwenye kamati ya fedha na pia ya ukaguzi, kwa kuwa "yeye ndiye anayejua hesabu". Atajikagua mwenyewe. Mjumbe mwenye duka, boti au punda anaotaka kuikodishia shule aseme kikaoni, iandikwe, kisha atoke chumbani jambo hilo linapojadiliwa. Kisiwani sote ni ndugu na wakwe, kwa hiyo jambo hili litawagusa kila mwaka. Lizoeeni mapema kabla halijawa ugomvi.

Mafunzo. Taasisi ya umma yenye jukumu hilo ni KEMI, taasisi ya usimamizi wa elimu iliyokuwa ikiitwa KESI, na hufundisha walimu wakuu pamoja na wajumbe wa bodi. Njia ya kuipata ni kupitia kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo yenu. Bodi huandika barua ikiomba mafunzo ya bodi mpya na kutaja idadi ya wajumbe na mambo mnayoyataka. Hapa nina ushauri mmoja wenye uzito. Msimpeleke mwenyekiti na mwalimu mkuu Mombasa au Nairobi siku nne kwa fedha za shule, warudi na cheti na begi. Ungeni shule nne au tano za kisiwa, mkaribishe mkufunzi mmoja Faza au Siyu, na wajumbe wote wakae. Fedha za chumba cha hoteli na nauli za watu wawili huenda zikatosha kumleta mkufunzi na kuwalisha watu 60 mchana. Chagueni siku kwa kutazama maji, si kalenda tu: bamvua (maji kujaa na kupwa sana) na maji mafu (kujaa na kupwa kidogo) hubadilisha saa ya boti kupita, na wakati wa upepo wa kusi ukiwa mkali watu wa mbali hawatafika. Ramadhani msipange kitu cha kutwa nzima.

Siku mbili zinatosha kuanzia. Ya kwanza iwe ya sheria na mipaka: nani anaamua nini, na kikao huendeshwaje. Ya pili iwe fedha na ununuzi, lakini kwa vitabu vyenu wenyewe. Mkufunzi akija na mifano ya shule ya kubuni, mwombeni aifunge. Chukueni taarifa ya benki ya mwezi uliopita, daftari na vocha zake za malipo, na kila mjumbe afuatilie malipo matatu kutoka kumbukumbu za kikao mpaka kwenye mzigo uliopokewa. Asiyejua kusoma Kiingereza akae na anayejua. Nyaraka nyingi za shule ziko kwa Kiingereza, lakini hakuna kinachozuia kikao kuendeshwa kwa Kiswahili na kumbukumbu kuandikwa hivyo, mradi maazimio yawe wazi. Mafunzo ambayo yameisha bila mtu kushika vocha ni hotuba tu.

Kabla mkufunzi hajafika, unaweza kujifunza peke yako kwa kumwomba katibu, kwa maandishi, vitu vinne: nakala ya Sheria ya 2013, kumbukumbu za vikao vitatu vilivyopita, bajeti ya mwaka huu, na ripoti ya mwisho ya mkaguzi wa hesabu. Ripoti ya mkaguzi isome kwanza, kwani humo madoa ya shule yameshaorodheshwa na mtu asiye jirani yenu. Ujumbe huu si ajira na hauna mshahara; kama bodi inarudisha nauli au kutoa posho, kiwango kiwe kimepitishwa na kuandikwa kwenye bajeti.

Juu ya kikao chenyewe: ajenda na karatasi ziwafikie wiki mbili kabla, na angalau kikao kimoja kikae kila muhula. Mwalimu mkuu ndiye anayeandika kumbukumbu, kwa hiyo kabla hamjainuka, mwombeni asome maazimio yote kwa sauti: tumeamua nini, nani atafanya, lini, kwa shilingi ngapi. Dakika kumi hizo huzuia mabishano ya muhula mzima, maana kikao kijacho hakuna atakayesema "hatukusema hivyo".

Na kijana wa bati akirudi, mpe bahasha, si sahihi. Ndani andika kwa heshima kuwa umepokea karatasi, na unaomba kumbukumbu za kikao kilichopitisha kazi hiyo, zile bei tatu, na barua iliyokuteua kwenye kamati inayohusika. Tia tarehe, baki na nakala au piga picha kwa simu. Huenda karatasi zote zipo na mwalimu alikuwa anawahi tu boti; basi mtaonana shuleni, utazisoma, na kama jina lako linahusika utatia sahihi bila wasiwasi. Zisipokuja, barua ya pili iende kwa mwenyekiti ikiomba jambo liwekwe kwenye ajenda. Kimya kikiendelea, ya tatu iende kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, ukiambatisha nakala za zile mbili.